Unataka kutengeneza zulia la manyoya? Anza na kitambaa, mashine itafuata

Wengi wetu tunaanza kwa kutafuta mashine ya kuchomeka nyuzi kwenye kitambaa. Si ajabu, ndiyo inayovutia: unaishika kama drili na inalia kama cherehani iliyopandwa na pepo. Ila ukimalizia hela zote hapo utajuta. Mimi mpangilio wangu ni huu, naanza na vitu visivyotaka ubahili.

1. Kitambaa cha msingi. Bora ni kile cha polista na pamba kilichofumwa mahsusi kwa mazulia. Mara nyingi kina mistari ya rangi inayokusaidia kukinyoosha kwenye fremu, na kinavumilia sindano ikipita palepale tena na tena. Cha pili ni cha pamba nene iliyofumwa nyuzi mbilimbili. Kinafaa zaidi kwa sindano ya mkono (ile nene ya kuchomekea uzi kitambaani, si ya kushonea nguo), maana kwenye mashine hulegea upesi. Cha mwisho kabisa ni gunia. Nililitumia kwenye zulia langu la kwanza kwa sababu lilikuwa la bei rahisi. Nilikuwa najaza herufi ya mwisho ya jina, nikarudia sehemu moja mara ya tatu, nyuzi zikaachana likabaki tundu la kupita ngumi. Halikushoneka tena. Vyovyote utakavyochagua, kata kipande kipana kuliko fremu pande zote, uwe na pa kushika unapovuta.

2. Fremu. Mbao nene zisizopinda, juu yake upigilie vile vijiti vyenye misumari midogo vinavyotumika kushikia kapeti kando ya ukuta. Misumari ielekee nje. Kitambaa kikazwe hadi ukikipiga kidole kilie kama ngoma. Kikilegea, sindano inakisukuma badala ya kukitoboa. Pini za stepla nazipa nafasi ya pili, kwa kuwa kila kikilegea itabidi uzing'oe zote.

3. Mashine. Ziko zinazokata uzi, zinazoacha vitanzi, na zinazofanya yote mawili. Anayeanza namshauri achukue ya kukata: manyoya yakifunguka yanaficha mistari iliyopinda, lakini vitanzi vinakuumbua. Ile ya kazi mbili naiweka mwisho, kwa maana ina mengi ya kurekebisha na wewe bado hujajua kosa ni lako au ni la mashine. Hakikisha kasi inapunguzika, sindano za akiba zinapatikana, na ununue mafuta ya cherehani siku hiyohiyo. Kama hela haitoshi, sindano ya mkono inafanya kazi ileile, polepole tu.

4. Nyuzi. Kwa zulia la kukanyagwa, sufu haina mpinzani. Ukiikanyaga inainuka tena. Akriliki ni ya pili, ina rangi nyingi na bei nafuu, nzuri ya kujifunzia. Pamba hulala mapema, inafaa zulia la kutundika ukutani. Chukua uzi uliozungushwa kwenye koni, kwa sababu bonge likikwama mara moja tu mashine inaruka mishono. Na rangi moja uinunue yote kwa mkupuo, maana mapipa mawili ya rangi hayatoi nyekundu moja.

5. Gundi. Ya mpira, yaani lateksi, kwa sababu ikikauka inabaki kunyumbuka. Gundi nyeupe ya mbao inashika vizuri, lakini zulia linakuwa gumu kama ubao. Ipake zulia likiwa bado kwenye fremu, madirisha wazi, kwani lateksi nyingi zina harufu kali ya amonia.

Vilivyobaki havitaki kuumiza kichwa: mkasi mkali, kitambaa cha felti cha kufunika mgongo, barakoa ya vumbi la nyuzi. Mashine ya kusawazisha manyoya inaweza kungoja zulia la tatu. Karatasi ya kunakilia mchoro ni muhimu zaidi, kwa sababu unashona upande wa nyuma na herufi lazima uzichore kinyume. Jina nililokuambia, hata bila lile tundu, lingesomeka kwenye kioo tu.