Milima ya Zagori, Ugiriki: nini cha kulipia kwanza, na nini cha kuacha

Msafiri wa Afrika Mashariki anayetaja Ugiriki kwa wakala wa safari huonyeshwa visiwa: nyumba nyeupe, bahari ya buluu, hoteli yenye bwawa. Mwongozo huu ni wa yule aliyeamua kugeuza mgongo baharini na kwenda Epirus, kona ya kaskazini-magharibi ya nchi hiyo, ambako eneo la Zagori lenye vijiji 46 vilivyojengwa kwa mawe limezunguka mlima Tymfi na korongo la Vikos. UNESCO iliingiza Zagori katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2023.

Jambo la kuelewa kabla ya kufungua pochi ni kwamba sehemu kubwa ya vitu bora vya Zagori haviuzwi. Hifadhi ya Taifa ya Vikos–Aoos, iliyoanzishwa mwaka 1973, haina geti la kulipia kiingilio cha kila siku kama lile la Marangu kule Kilimanjaro. Korongo lenyewe, madaraja ya kale na ziwa la mlimani ni bure. Mgeni hulipia namna ya kufika, kitanda kilicho karibu na njia, na siku za kutosha. Kwa hiyo nimepanga chaguo hizi kwa kuangalia kile ambacho kila moja inamrudishia mtu kwa fedha na muda wake, wala si kwa umaarufu wake.

Gharama za mwanzo hazikwepeki. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ambayo tangu Juni 2024 ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima, pamoja na bima ya afya ya safari inayofikia angalau euro 30,000. Kutoka Athens kuna ndege za ndani hadi Ioannina, mji mkuu wa Epirus, au mtu anaweza kuendesha gari zaidi ya kilomita 400 kwa barabara kuu yenye vituo vya kulipia ushuru, akivuka lile daraja refu la Rio–Antirrio lililofunguliwa mwaka 2004, ambalo nalo lina malipo yake. Ukiwa na familia ya watu wanne, barabara huwa nafuu. Ukiwa peke yako na siku chache, panda ndege.

Baada ya hapo, fedha ya kwanza kabisa iende kwenye gari la kukodi. Mabasi ya kutoka Ioannina kwenda vijijini ni machache na hayaendi kila siku, na teksi za kila safari zitakula bajeti yako kabla hujaona hata nusu ya eneo. Kampuni za kukodisha huomba leseni ya kimataifa ya udereva pamoja na ile ya nyumbani, kwa hiyo ichukuliwe kabla ya kuondoka. Wakenya, Watanzania na Waganda wakumbuke kwamba Ugiriki huendesha kulia; ndugu zetu wa Rwanda, Burundi na Kongo hawatapata shida hiyo. Gari dogo linatosha, na kwa kweli linafaa zaidi, kwa sababu barabara za kupanda kijiji cha Papingo ni kona juu ya kona, na vichochoro vya vijijini vilitengenezwa kwa ajili ya nyumbu.

Nafasi ya kwanza naipa bila kusita matembezi ya siku nzima ndani ya korongo la Vikos. Kitabu cha rekodi cha Guinness kimelitambua kuwa korongo lenye kina kirefu kuliko yote duniani kikilinganishwa na upana wake. Njia inayopendwa zaidi huanzia kijiji cha Monodendri, hushuka kwa ngazi na vijia vya mawe hadi chini, kisha hufuata mkondo, ambao sehemu ya juu huwa mkavu wakati wa kiangazi, hadi chemchemi za mto Voidomatis, na kuishia kwa kupanda kijiji cha Vikos au Papingo. Ni kilomita 12 au 13 hivi, lakini mawe na mteremko huzifanya zichukue muda wa saa 6 hadi 7 kwa mtu wa kawaida. Mtembeaji hupita kwenye kivuli cha miti huku kuta za mawe ya chokaa zikipanda pande zote mbili kwa mamia ya mita, na anapofika chemchemi hukuta mto mzima ukitoka chini ya mawe, maji yake safi na baridi ya kuumiza meno. Kulipia mwongozaji si lazima kwa mwenye uzoefu, kwa kuwa njia ina alama; lakini kuna gharama moja ambayo wengi huisahau. Korongo huanzia kijiji kimoja na kuishia kingine, na kwa barabara vijiji hivyo vimeachana kwa mzunguko mrefu wa milimani. Jioni iliyotangulia, agiza teksi ya kukurudisha kwenye gari lako, kupitia mwenye nyumba ya wageni, na mkubaliane bei kabisa. Beba maji ya kutosha tangu Monodendri, kwa sababu kabla ya chemchemi za mwisho si rahisi kuyapata wakati wa joto.

Kwa asiyeweza kutembea hivyo, korongo huonekana pia kutoka juu. Monasteri ya Agia Paraskevi, iliyojengwa mwaka 1412 kwenye ukingo wa mwamba hapo Monodendri, ni mwendo mfupi kutoka uwanja wa kijiji. Sehemu ya kutazamia ya Oxya hufikiwa kwa gari karibu hadi mwisho. Ile ninayoipendelea zaidi ni Beloi, nusu saa hivi kwa miguu kutoka Vradeto, kijiji kilicho juu kuliko vyote vya Zagori, kwa kuwa hapo unalitazama korongo kwa urefu wake badala ya kulitazama kwa ubavu.

Nafasi ya pili ni ziwa Drakolimni pamoja na usiku mmoja katika nyumba ya wapanda milima ya Astraka. Ziwa liko mita 2,050 hivi juu ya usawa wa bahari, kwenye bonde dogo la nyasi lililo karibu na ukingo wa jabali, na ndani yake huishi salamanda wadogo wa majini wenye matumbo ya rangi ya chungwa. Wenyeji husimulia kwamba lilikuwa makao ya joka aliyekuwa akirushiana mawe na magogo na joka mwenzake wa mlima Smolikas ng'ambo ya bonde. Safari huanzia Mikro Papingo, kwenye mita 980, na kupanda takriban mita 1,000 hadi Astraka kwa muda wa saa 3. Ziwa liko zaidi ya saa moja mbele. Mwenye nguvu huenda na kurudi siku hiyo hiyo, lakini naona ni matumizi mabaya ya magoti. Kitanda cha Astraka hakina anasa, chumba ni cha kulala pamoja, ila kinakupa ziwa la asubuhi kabla ya wengine kupanda. Nyumba hii hupokea wageni katika miezi ya joto na hujaa mapema, hivyo kitanda kiagizwe kabla.

Msomaji aliyepanda Kilimanjaro atauliza kama kimo kitamsumbua. Hakitamsumbua: kituo cha Mandara, cha kwanza kwenye njia ya Marangu, kiko mita 2,720 hivi, juu kuliko Gamila, kilele kirefu cha Tymfi chenye mita 2,497. Cha kuogopa hapa ni hali ya hewa. Theluji huweza kubaki kwenye mapito ya juu hadi mwanzoni mwa Juni, na radi za alasiri wakati wa kiangazi hazina mzaha. Ondoka alfajiri, vaa viatu vya ngozi vilivyokwisha kuzoea mguu, na usiyategemee mawingu kukungojea. Namba ya dharura ni 112.

Nafasi ya tatu ni madaraja na ngazi, na hapa gari lako linaanza kujilipa. Karibu na kijiji cha Kipoi kuna daraja la Kokkoris la mwaka 1750, tao moja lililobanwa kati ya miamba miwili, na lile la Plakidas la mwaka 1814, lenye matao matatu yanayopanda na kushuka mfululizo. Yalijengwa na mafundi waashi wa Epirus kwa fedha za wafadhili, mengi kwa majina yao, wakati Wazagori walipokuwa wakifanya biashara mbali na kurudisha mali nyumbani. Kisha kuna Ngazi za Vradeto, njia ya mawe inayopinda na kupinda ukutani mwa bonde, ambayo hadi miaka ya 1970 ndiyo iliyokuwa njia pekee ya kufika kijijini huko. Watoto huipenda. Siku moja inatosha kwa yote haya, na malipo pekee ni mafuta na chakula cha mchana.

Chakula chenyewe kinahitaji neno kwa msomaji Mwislamu. Vijijini nyama ya halali ni vigumu kuipata, na nyama ya nguruwe ni ya kawaida mezani. Lakini Epirus ni nchi ya mikate ya kuokwa yenye jibini na mboga. Alevropita, ya unga na jibini, ni nyembamba na hushibisha, na samaki wa trauti hupatikana mahali pengi.

Nafasi ya nne ni boti la mpira kwenye mto Voidomatis, na ni huduma ya kulipia. Mto ni mpole, unafaa kwa familia, na kampuni hutoa nguo nzito za mpira kwa sababu ya baridi ya maji. Nimeiweka chini kwa sababu ni ya muda mfupi kwa bei yake, na anayetafuta mawimbi ya kutisha kama yale ya mto Nile kule Jinja ataona amepelekwa kwenye mfereji, ingawa mfereji mzuri sana.

Nafasi ya tano ni mji wa Ioannina. Boti ya kwenda kisiwa cha ziwa Pamvotida hugharimu euro chache. Huko ndiko Ali Pasha, mtawala Mwalbania aliyewasumbua Waosmani, alikouawa mwaka 1822, na migahawa ya kisiwani huuza mikunga na vyura kwa wenye moyo huo. Msikiti wa Aslan Pasha, ulio ndani ya ngome, sasa ni jumba la makumbusho. Pango la Perama, lililogunduliwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia na watu waliotafuta mahali pa kujificha mabomu, lina tiketi na mwongozaji, na ni kimbilio zuri la siku ya mvua. Magofu ya Dodoni, kilomita 22 hivi kutoka mjini, ambako makuhani walisikiliza majani ya mwaloni wa Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale, ili kuagua mambo, yanastahili asubuhi moja kwa ajili ya ukumbi wake mkubwa wa mawe wa maigizo.

Cha kutokununua ni kifurushi cha haraka cha basi kinachounganisha Zagori, mji wa Metsovo na monasteri za Meteora ndani ya siku mbili kutoka Athens. Utalipia viti, utashushwa Oxya kwa dakika 20 za picha, na korongo hutalikanyaga. Fedha hiyo hiyo, ikitumiwa mwishoni mwa Mei, mwezi wa Juni au Septemba, wakati vyumba havijabanwa kama wakati wa sikukuu ya Bikira Maria ya tarehe 15 Agosti, hulipa gari dogo na chumba kijijini kwa siku kadhaa.