Kiboksi cha dawa cha vyumba 14: kinamfaa nani baada ya kemo?

Aliyetoka kwenye tibakemikali ya saratani (kemo) mara nyingi haulizi "dawa ninywe lini?" bali "hivi nimeshakunywa?" Umakini hukatika njiani: kidonge kiko mkononi, simu inaita, kumbukumbu inaishia hapo. Kiboksi cha plastiki cha siku 7, asubuhi na jioni, hulijibu swali hilo papo hapo. Chumba kikiwa kitupu, umekunywa.

Ila hakikumbushi. Weka kengele ya simu, na usiizime kabla hujameza.

Dukani, fungua vifuniko vyote kwa kidole gumba. Dawa za kemo kama paclitaxel na oxaliplatin huweza kuacha ganzi vidoleni, na vifuniko vigumu vitakushinda. Kisha kifunge, ukigeuze na kukitikisa. Kikifunguka hapo, kwenye mkoba kitamwaga. Kasoro kubwa ya vingi ni herufi za Kiingereza: T mbili, S mbili. Bandika plasta uandike jina zima la siku, maana hata kwetu siku tano zinaanza na J.

Makosa mengi hutokea siku ya kujaza. Jaza mara moja kwa wiki, asubuhi kichwa kikiwa hakijachoka, redio na runinga zikiwa zimezimwa. Toa dawa moja tu, ipitishe siku zote 7, rudisha pakiti yake, ndipo uchukue nyingine. Ukijaza siku kwa siku utakuwa unarukaruka kati ya pakiti tano, na kurukaruka huko ndiko akili iliyochoshwa na kemo isikokuweza. Mwisho hesabu: dawa ya kidonge kimoja kwa siku lazima ipungue vidonge 7. Zimepungua 6 au 8? Mwaga vyote, anza upya.

Vidonge vya saratani kama capecitabine visiingie humo. Vumbi lake huchafua dawa nyingine, tena kwa kawaida hunywewa siku 14 na kupumzishwa 7. Mkono uliozoea utajaza hata wiki ya mapumziko. Dabigatran, dawa ya kuzuia damu kuganda, nayo ibaki kwenye pakiti yake, huharibiwa na unyevu. Nyingine muulize mfamasia kabla ya kuzitoa.

Ukikuta chumba cha jana kimejaa, usifidie kwa kunywa dozi mbili. Na kwenye nyumba yenye watoto kiwekwe juu kabatini, kwa sababu vifuniko hivi mtoto wa miaka miwili anavimudu.