QGIS na solva ya bure kupangia ukataji wa miti: uzoefu wangu

Naishi Kasarani na kwa karibu mwaka mzima nimekuwa nikitumia QGIS, programu ya kuchora ramani, pamoja na solva ya LibreOffice Calc, yaani kifaa cha spredishiti kinachotafuta mpango bora kwa masharti unayokipa, kupanga nani akate miti mwaka gani. Kazi ni ya chama cha wakulima 24 wa upande wa juu wa Limuru, kila mmoja na ploti yake, wengine saiprasi wengine mkaratusi.

Kilichonisukuma ni mabroka. Broka anakuja Januari manake anajua ndio wakati wa karo, anazunguka shamba dakika kumi, anahesabu kwa macho tu, anataja bei ya miti yote ikiwa bado imesimama na mwenye shamba anakubali kwa sababu mtoto ako nyumbani na wenzake wameenda shule. Miti inaanguka, inapasuliwa, baadaye hizo mbao ukizipata Gikomba zinauzwa kwa futi na mzee aliyezipanda hajawahi kujua ziliondoka kyubiki mita ngapi. Hiyo kitu inaniuma sana.

Sasa programu zenyewe. Zote mbili ni bure kabisa. QGIS iko tangu 2002, ilianzishwa na Gary Sherman, na laptopu yangu ya RAM GB 8 inaibeba vizuri. Kwa simu niliweka QField, ambayo ni kama QGIS ya simu, nikatembea mipaka ya kila ploti na mwenyewe akiwa kando yangu, halafu tukapima miti ya sampuli kwa tepe, kipenyo kinachukuliwa mita 1.3 kutoka chini. Hapo usifanye haraka, namba mbaya ikiingia hapo inakufuata mpaka mwisho.

Kitu cha kwanza kunisumbua ni ramani ya zamani ya topo niliyoskani ili nipate mito. Niliiweka chini ya mipaka yangu nikaona ploti za watu zimehama karibu mita 300, moja iko katikati ya mto! Nilikaa na hiyo shida siku mbili nikidhani GPS ya simu ndio mbovu. Kumbe hizo ramani za Kenya zilichorwa kwa Arc 1960 na simu inatumia WGS84, mifumo miwili tofauti ya kuonyesha mahali. Nikaiambia QGIS ramani ni EPSG:21037 (namba ya Arc 1960) na mipaka ni 32737 (ya WGS84), kila kitu kikarudi mahali pake. Kama unafanya kazi na ramani za zamani angalia hiyo kwanza kabla hujagusa kitu kingine.

Baada ya hapo bafa ya mto, ule ukanda wa kando ya maji wa kuachwa, ni rahisi, kanuni zetu zinasema kati ya mita 6 na 30 kila upande, sisi tukachukua 30 na hiyo miti hatuigusi. Mteremko ndio ulitaka macho. Nilitumia data ya SRTM ya urefu wa ardhi, ile ilipimwa kwa rada na chombo cha angani Februari 2000, kila kisanduku mita 30, na ilinionyesha genge kali kabisa nyuma ya ploti ya mzee mmoja. Nikaenda na miguu yangu, hakuna genge, ni shamba la viazi limetulia tu. Mzee akaniambia hapo zamani palikuwa na saiprasi kubwa. Rada haikufika chini vizuri, ilipima karibu na vichwa vya miti, kwa hivyo ukingo wa msitu ukatokea kama ukuta. Nenda shambani, hakuna ramani itakutembelea ploti.

Solva ndio sehemu niliyoipenda zaidi. Ploti 24 mara miaka 10 ni maamuzi 240, kila moja ni ndio ama hapana. Solva inayokuja na Excel inaishia 200, ndio nikahamia LibreOffice. Jibu la kwanza lilinishtua: karibu kila mti uliokomaa ukatwe mwaka wa kwanza! Nikarudi kuangalia nikaona iko sawa kabisa, mimi niliomba pesa nyingi iwezekanavyo, na pesa ya leo nilikuwa nimeipa uzito kuliko ya kesho, sikuomba mwaka wa tano pia uwe na kitu. Nikaongeza masharti: mavuno ya mwaka mmoja yasipishane sana na ya mwaka uliopita, na ploti mbili zinazopakana kwenye mteremko mmoja zisikatwe mwaka mmoja, udongo usishuke wote mtoni. Jumla ya pesa ilishuka kidogo lakini kila mwaka ukawa na mzigo wa kupeleka sokoni. Mwezi wa kukata solva haikuambii, hiyo tulijipangia wenyewe, masika hatukati, ile barabara ya udongo mwekundu lori haitoki.

Ubaya? Kujifunza kunachukua muda, mimi wiki za kwanza nilikuwa nalala saa nane usiku, na ukiweka masharti yanayogongana solva inakuambia tu hakuna suluhisho, haikuambii ni gani linaleta shida. Unaondoa moja moja mpaka ulipate.

Siku ya kuwaonyesha wanachama nilichapisha ramani kubwa, kila mwaka na rangi yake. Mama mmoja akatafuta ploti yake, akaona imewekwa mwaka wa sita, akanyamaza kidogo halafu akasema, "Mwanangu, mimi mtoto wangu anaingia sekondari mwaka ujao." Nikafungua laptopu hapo hapo mbele yao, nikafunga ploti yake kwa mwaka wa pili, nikabonyeza solva tena. Jirani yake akasukumwa mwaka wa nne na chama kizima kikapoteza kiasi ambacho wote walikiona kwa skrini. Jirani akauliza tu kama miti yake itakuwa imenenepa kufikia hapo, nikamwonyesha makadirio, akasema basi mpeni mama mwaka wake.