TAHADHARI: Waya wa 2.5 unaouzwa kama kopa tupu, kumbe ndani ni alumini

Mafundi wenzangu, na ninyi mnaojenga mkijinunulia vifaa wenyewe, naomba msome hii kabla hamjapitisha waya ukutani.

Nilifunga umeme kwenye nyumba ya mama mmoja hapa Morogoro. Roli tatu za waya wa 2.5 (unene wa milimita za mraba 2.5) nilizinunua mimi mwenyewe, kwenye duka ambalo nimekuwa mteja wake kwa miaka. Kwenye plastiki imechapishwa mita 100, 2.5, kopa tupu (yaani shaba tupu), na nembo ya ubora juu yake. Bei ilikuwa pungufu kidogo tu ya kawaida, ndiyo maana sikushtuka. Wiki tatu baadaye mama akanipigia: soketi ya jikoni inanuka plastiki iliyoungua. Nilipoifungua nilikuta skrubu imelegea na ncha ya waya imekuwa nyeusi. Nikaikwangua kwa kisu. Chini ya ile rangi ya shaba, waya ni mweupe.

Roli mbili zilikuwa zimeshaingia ukutani. Ya tatu ilikuwa haijaguswa, nikaipima.

Nieleze nilivyopima, maana kila fundi anaweza kufanya hivi. Ukiweka multimita (kile kipimo cha umeme) ya kawaida kwenye omu, yaani kupima ukinzani, jinsi waya unavyouzuia umeme, haitakusaidia. Waya wa unene huu una ukinzani mdogo sana, na zile nyaya za multimita zenyewe zinaweza kuongeza nusu ya jibu. Njia ya uhakika ni volti na ampia. Nilichukua betri ya gari ya volti 12, fyuzi, na balbu ya taa ya mbele ya wati 55, kisha roli nzima nikaiunga katikati ili umeme wa balbu lazima upite mita zote 100. Multimita moja inasoma ampia, nyingine inagusa ncha mbili za roli kusoma volti. Usitumie umeme wa ukutani kwa kazi hii. Kwanza unaua, na pili roli iliyozungushwa inageuka koili, inazuia umeme kwa namna nyingine na hesabu yako inaharibika.

Nilipata ampia 3.4 na volti 5.8. Gawanya volti kwa ampia: omu 1.7.

Kopa ya kweli ya 2.5 haitakiwi kuzidi omu 7.41 kwa kilomita kwenye nyuzijoto 20, yaani 0.74 kwa roli ya mita 100. Kwa joto letu la hapa, weka 0.77. Nikaazima roli nzuri kwa fundi mwenzangu, nikatumia betri ileile na balbu ileile: ampia 4.0, volti 3.1. Jibu ni omu 0.775, palepale panapotakiwa. Na balbu iliwaka vizuri zaidi, hata mtoto angeona.

Sasa hamishia hesabu hiyo jikoni kwa yule mama. Kutoka meni swichi hadi soketi ni mita 20, kwenda na kurudi ni 40. Kwa waya ule mbaya hiyo ni omu 0.68. Akiwasha jagi la wati 2000 na pasi ya 1000 kwa pamoja, kwenye volti 230, zinapita ampia 13. Ampia 13 mara omu 0.68 ni volti 8.8 zinazopotelea njiani. Zidisha tena kwa 13 upate wati: karibu 115, zinageuka joto ndani ya paipu, ukutani, mahali pasipo na hewa. Kopa halali ingepoteza kama 52. Na yuniti za LUKU (umeme wa kulipia kabla) za hilo joto analipa yeye.

Kinachonitisha zaidi ni breka, ile swichi inayokata umeme ampia zikizidi. Niliweka ya ampia 20, kama tunavyoweka kwa 2.5. Breka haijui waya ni wa aina gani. Inaangalia ampia tu, na ampia 13 kwake ni salama kabisa. Kwa hiyo waya unaweza kuungua taratibu na breka imekaa kimya. Halafu alumini kwenye skrubu za soketi inatanuka na kusinyaa kuliko kopa, muungano unalegea, na pale palipolegea ukinzani unaongezeka, joto linazidi. Ndicho kilichotokea kwenye ile soketi.

Nilirudi dukani na betri yangu na roli mbili, ile mbaya niliyoipima na ile nzuri niliyoazima, nikaziunga juu ya meza mbele ya muuzaji. Akasema hiyo ndiyo kopa ya siku hizi. Nikamwomba anirudishie pesa, akaniambia risiti imeandikwa "vifaa vya umeme" tu, haioneshi waya gani. Hapo nilikosa mimi. Dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) iandikwe waya, unene, na kwamba ni kopa. Malalamiko nimeyaandika kwenda Tume ya Ushindani, FCC, na kipande cha waya nimekiambatanisha.

Kama huna betri wala multimita, kwangua ncha kwa kisu hapohapo kaunta kabla hujalipa, uone ndani. Au weka roli kwenye mizani: kopa ya kweli ya 2.5 yenye mita 100 ina zaidi ya kilo mbili bila hata kuhesabu plastiki. Ile yangu niliinyanyua kwa vidole viwili, na ilipaswa kunishtua. Sumaku isikudanganye, haivuti kopa na haivuti alumini pia.

Yule mama nimemwambia ukweli, na soketi zote za jikoni nimezizima kwenye meni. Jumamosi naanza kung'oa waya wote na kupitisha mpya, gharama ni yangu.