Mahubiri yaliyorekodiwa: yapi ya kupakua, na namna ya kuyasikiliza

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa watazamaji. Leo hatuchambui simu wala spika. Tunachambua kitakachopita ndani yake: mahubiri yaliyorekodiwa. Mtandaoni yamejaa, na mengi yanakula bando bure. Haya ninayoyataja leo ni yale ambayo ukifumba macho ukabaki na sauti peke yake, bila jukwaa, bila taa, bila kwaya, bado yanasimama. Kipimo ni kimoja. Ukishamaliza, fungua Biblia kwenye andiko lile lile. Je, unaona humo kitu ambacho ulikuwa unakipita kila siku? Kama huoni, hata kama mhubiri alikutoa machozi, hilo sikushauri ulihifadhi.

Tuanze na mchungaji Timothy Keller, 16 Septemba 2001, kanisa la Redeemer, New York. Ni Jumapili ya kwanza baada ya mashambulizi ya tarehe 11, mji bado una moshi. Andiko ni Yohana 11, kifo cha Lazaro. Kabla hujabonyeza popote, soma mstari wa 21 na wa 32. Martha anasema, “Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa.” Mariamu naye anakuja, anasema maneno yale yale. Ila Martha anajibiwa kwa fundisho, “Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima,” na Mariamu anajibiwa kwa machozi. Msiba ni mmoja, maneno ni yale yale, majibu mawili. Hapo ndipo Keller anapokaa.

Halafu anashuka mstari wa 33, na hapa sisi wasomaji wa Union Version tutege sikio. Biblia yetu inasema Yesu “aliugua rohoni”. Ukisoma hivyo unaona huzuni tu. Lakini kitenzi cha Kigiriki kilichopo pale kina hasira ndani yake, kitenzi ambacho kingeweza kusemwa hata juu ya farasi anayefoka. Keller anaonyesha kwamba Yesu anakwenda kaburini akiwa amekasirika, na hakuwakasirikia Martha na Mariamu. Amekikasirikia kifo chenyewe. Ukishasikia hivyo, rudi usome mstari wa 38 uone neno linavyojirudia pale pale kwenye mlango wa kaburi. Kwa maoni yangu hili ndilo bora kuliko yote ya leo kwa mtu mwenye msiba, ila usimtumie siku ya mazishi. Siku hiyo nenda ukakae naye. Mtumie baada ya arobaini, watu wakishatawanyika. Ukilitafuta, andika jina la Keller, tarehe, na maneno “Truth, Tears, Anger and Grace”.

La pili ni Martin Luther King, “The Drum Major Instinct”, 4 Februari 1968, kanisa la Ebenezer, Atlanta. Andiko ni Marko 10:35 na kuendelea, Yakobo na Yohana wakiomba kukaa mkono wa kuume na wa kushoto. Wahubiri wengi wakifika hapo wanawagombeza wale ndugu wawili. King hafanyi hivyo. Anasema sote tuna hamu hiyo ya kutangulia mbele ya bendi, kisha anaifuatilia inavyotoka: mtu ananunua gari ambalo mshahara wake hauliwezi, mwingine anajiunga na vyama ili atambulike. Anasimulia mazungumzo yake na askari wa jela kule Birmingham, Wazungu waliokuwa wakitetea ubaguzi. Alipowauliza mishahara yao, akawaambia ninyi mngefaa kuandamana pamoja nasi, maana ni maskini kama sisi. Mwisho anaonyesha kwamba Yesu hakuikataza ile hamu ya ukubwa. Aliielekeza kwenye utumishi.

Dakika za mwisho anazungumzia mazishi yake mwenyewe na namna ambavyo angependa akumbukwe. Miezi miwili kamili baadaye, tarehe 4 Aprili, akauawa Memphis, na sehemu hiyo ya rekodi ikapigwa kanisani Ebenezer kwenye mazishi yake. Ndiyo maana vipande vya dakika mbili vya mwisho huu vimesambaa sana. Visikie, ila usiishie hapo. Bila Marko 10 na bila wale askari wa jela, maneno ya mwisho yanakuwa wasifu wa marehemu, na somo linapotea. Kiingereza chake hakina haraka. Kama lugha inakusumbua, Taasisi ya King ya Chuo Kikuu cha Stanford imeweka maandishi yote mtandaoni. Soma aya tatu, sikiliza aya tatu, endelea hivyo.

Ukitaka kusikia mahubiri yanavyogeuka wimbo, mtafute C. L. Franklin, babake mwimbaji Aretha Franklin, aliyekuwa mchungaji wa New Bethel Baptist, Detroit. Mahubiri ni “The Eagle Stirreth Her Nest”, Kumbukumbu la Torati 32:11, “mfano wa tai ataharikishaye kioto chake”. Rekodi hii ya miaka ya 1950 imewekwa kwenye orodha ya kitaifa ya sauti za kuhifadhiwa kule Marekani. Anaanza polepole kama mwalimu: nguvu za tai, mbio zake, macho yake. Sauti inapanda kidogo kidogo, na mwishoni, kwenye hadithi ya tai aliyekua kati ya kuku, hasemi tena, anaimba. Hapa kuna kosa moja linalofanywa sana, nalo ni kuongeza spidi. Usiguse spidi kwenye Franklin. Waumini wanaitikia kwenye nafasi anazoacha, na ukienda 1.5 zile nafasi zinazibana, mdundo unakufa, unabaki na mtu anayepiga kelele.

Spidi iongeze kwa Martyn Lloyd-Jones, 1.25 inatosha. Huyu alikuwa daktari wa tiba kabla hajawa mchungaji wa Westminster Chapel, London, na anahubiri hivyo hivyo: anataja ugonjwa, anaondoa majibu yasiyofaa moja moja, ndipo anatoa dawa. Mahubiri yake zaidi ya 1,600 yamewekwa bure na MLJ Trust, taasisi inayotunza rekodi zake. Wengi wanajikwaa kwa kuanza Warumi sura ya kwanza, wanachoka kabla ya sura ya pili. Alifundisha Warumi Ijumaa jioni kuanzia 1955 hadi 1968, na alipougua alikuwa amefika 14:17 tu. Mstari huo una haki, amani na furaha. Alishafika kwenye amani, furaha ikabaki. Basi usijibebeshe mlima wote. Anza na 3:21, “Lakini sasa”, uone anavyoyashika maneno hayo mawili. Ukiipenda njia yake, ingia sura ya 8 na ubaki huko.

Kwa Kiswahili, pakua mahubiri ya marehemu Askofu Moses Kulola wa kanisa la EAGT, Tanzania, aliyefariki Agosti 2013, na semina za Mwalimu Christopher Mwakasege. Ni watu wawili tofauti kabisa. Kulola ni mwinjilisti wa uwanjani, mpe mtu ambaye hajaokoka. Mwakasege ni mwalimu wa hatua kwa hatua. Mpe mwenye daftari na kalamu. Kwa semina, hakikisha una siku ya kwanza, kwa sababu msingi unawekwa pale, na ukiokota siku ya tatu utaona hoja zinaning'inia. Tatizo la rekodi za Kulola ni watu wanaozipakia upya: wanakata, wanaunganisha mikutano miwili, wanatia kinanda chini ya sauti. Ukisikia kinanda kinaendelea hata mhubiri anaposita kuvuta pumzi, ujue kimepachikwa. Tafuta nyingine.

Hili la ukweli wa rekodi lisisitizwe. Siku hizi sauti ya mtumishi inaweza kuigizwa na kompyuta. Kabla hujamtumia mtu, angalia kama kuna andiko, mahali, tarehe na urefu kamili. Visipokuwepo, na kichwa cha habari kinatisha, achana nayo.

Na mahubiri yenye mkalimani? Piga hesabu: saa moja ina kama dakika 30 za mahubiri, nusu nyingine ni tafsiri. Si hasara kama mkalimani ni mzuri. Mpime kwa andiko: je, anasoma mstari kutoka kwenye Biblia ya Kiswahili au anaubuni papo hapo?

Sasa bando. Pakua sauti, acha video. Sauti ya 64 kbps (kipimo cha ubora wa faili la sauti) ni kama MB 29 kwa saa, ya 128 ni kama MB 58. Kwa mtu anayezungumza, 64 inatosha. 128 iache kwa kwaya. Rekodi za kale ni za chaneli moja, na baadhi zikigeuzwa vibaya zinasikika sikio moja tu. Simu haijaharibika. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, washa sauti ya mono. Ule mchirizo wa kanda unaosikika kama mafuta kikaangoni unapungua ukishusha sauti nyembamba kwenye ikwalaiza, ila shusha kidogo, maana ukizidisha utapoteza herufi “s” na “t” na maneno hayatashikika. Kwa Lloyd-Jones tumia earphone. Spika ndogo ya simu inammeza anapotulia, na anapotulia ndipo anapofika penyewe.

Viungo vyote nimeviweka kwenye maelezo chini ya video, kila kimoja na andiko lake. Anza na Yohana 11.