Shahada ya mawasiliano Marekani, mkondo wa redio na televisheni: tumeyapitia masharti yake

Anayejiunga akidhani miaka minne yote ataishi nyuma ya kamera atashtuka mapema. Vyuo vikuu vya umma vya Marekani kwa kawaida hudai krediti 120 ndipo uhitimu, na kozi za kushika kamera au kukaa kwenye meza ya sauti mara nyingi hazifiki hata krediti 30. Hilo limekusudiwa. ACEJMC, chombo kinachotoa ithibati kwa programu za habari, kinataka mwanafunzi asome angalau krediti 72 nje ya habari na mawasiliano: historia, takwimu, siasa, sayansi. Anayetaka ufundi mtupu, chuo cha stashahada kitamfaa zaidi na kwa bei nafuu. Kwa anayetaka kuwa mhariri au mtayarishaji, mpangilio huu una faida, maana atakuwa na la kusema siku akipewa kipaza sauti.

Krediti zenyewe zisikuchanganye. Kwa mfumo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi, na shahada ya miaka mitatu huhitaji 360. Ya Marekani ni saa moja ya darasani na mbili za kujisomea kila wiki kwa wiki 15, yaani kama saa 45. Kwa hiyo 120 za kule ni saa 5,400 hivi, dhidi ya 3,600 za huku. Usikubali mtu akwambie umesoma theluthi.

Sasa njoo kwenye mtego unaonasa wengi, alama ya D. Chuo kinaihesabu kama kufaulu na krediti zinaingia kwenye zile 120, lakini idara nyingi hudai C kwenda juu kwa kila kozi ya mkondo wako. Unakuwa umefaulu na hujafaulu. Sapu hakuna: unarudia kozi nzima na ada unalipa upya. Na kozi zimefungamana kama treni. Uandishi wa redio na televisheni unafungua utayarishaji wa sauti, huo unafungua video ya kamera moja, nayo inafungua studio ya kamera nyingi, kisha mradi wa mwisho. Kozi ya studio huwa na nafasi zisizozidi 20 na idara ndogo huitoa mara moja kwa mwaka. Ukiteleza kwenye sauti muhula wa vuli, unaweza kusubiri mwaka mzima huku kodi ya chumba inakwenda, na mwenye F-1, viza ya mwanafunzi, atalazimika kuomba I-20, ile hati ya chuo inayoonyesha muda wa masomo yake, iongezwe muda kabla tarehe haijapita.

Hiyo kozi ya studio, ikipata mwalimu mzuri, ndiyo inayolipa gharama yote. Wanafunzi wanazungushwa nafasi: wiki hii uko kwenye kamera ya pili, wiki ijayo kwenye swicha, mtambo wa kuchagua picha ya kamera ipi iende hewani, inayofuata unaongoza kipindi na kuhesabu sekunde za kurudi kutoka kwenye matangazo ya biashara. Hapo ndipo mtu anajifunza kwamba sauti ya mwisho lazima ikae kwenye -24 LKFS, kipimo cha ukubwa wa sauti ambacho televisheni za Marekani hufuata kwa sababu ya sheria ya 2010 iliyokomesha matangazo yanayopiga kelele kuliko kipindi. Kazi za nje ya studio hufeli zaidi kwa jambo dogo: betri za maikrofoni ya kifuani zinazimika katikati ya mahojiano na hakuna aliyevaa hedifoni kusikia. Picha safi, sauti hakuna, alama hakuna.

Kozi ya kuhutubia, wengi huilalamikia. Inatokana na asili ya idara zenyewe. Nyingi zilizaliwa kwenye ufundishaji wa hotuba, ambao walimu wake walianzisha chama chao mwaka 1914. Vumilia, sauti yako itakushukuru.

Udhaifu mkubwa tunaouona ni kozi ya sheria. Utaibuka unaijua FCC, mdhibiti wa mawasiliano wa Marekani, na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yao yanayolinda uhuru wa kusema, lakini anayerudi Dar es Salaam atakutana na mdhibiti wa huku, TCRA, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta (EPOCA) ya 2010, ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na ya Huduma za Habari ya 2016. Hizo atajisomea mwenyewe, na azisome kabla ya kuwasha kamera.

Mafunzo kwa vitendo kwa kawaida hubeba krediti 3, kama saa 120 hadi 150 kituoni. Mwenye F-1 anahitaji CPT, kibali cha kufanya kazi ya mafunzo akiwa bado masomoni, ambacho kwa kawaida hakitolewi kabla ya kumaliza mwaka mzima wa masomo, na lazima kiwe mkononi kabla ya siku ya kwanza kazini. Kuanza leo na kuomba kesho ni kuvunja masharti ya viza. CPT ya muda wote ikifika miezi 12, ile OPT, ruhusa ya kufanya kazi baada ya kuhitimu, inayeyuka.

Kuna na raha kidogo. Shahada za sanaa nyingi hudai lugha ya kigeni, mihula miwili hadi minne. Uliza kama Kiswahili chako kinakubalika kwa mtihani wa umahiri. Baadhi ya vyuo hukusamehe hiyo mihula.

Anayepitia chuo cha jamii, kile cha miaka miwili, kwanza ili kupunguza gharama atunze muhtasari wa kila kozi ya video aliyosoma. Usipoweza kuuonyesha, kozi huhamishwa kama ya hiari tu, na utajikuta unafundishwa upya jinsi ya kufungua tripodi. Kila muhula, kabla ya kujisajili, fungua ripoti ya maendeleo ya shahada kwenye akaunti yako ya chuo na uilinganishe na masharti ya mwaka ulioingia, maana hayo ndiyo yanayokuhusu hata yakibadilishwa baadaye. Na ombi la kuhitimu linawasilishwa muhula mmoja kabla; halijiwasilishi lenyewe.