Husserl au Merleau-Ponty: uanze na nani?

Wote wawili ni wanafalsafa wa fenomenolojia, yaani falsafa inayochunguza jinsi mambo yanavyotokea katika fahamu zetu, na wanakubali kwamba fahamu huwa daima ni fahamu ya kitu fulani. Husserl, katika kitabu chake cha 1913, anakutaka uweke kando swali la iwapo ulimwengu upo kweli, ubaki kuchunguza jinsi unavyokutokea. Merleau-Ponty, mwaka 1945, anasema kazi hiyo haiwezi kukamilika, kwa sababu anayefahamu ni mwili uliomo ulimwenguni humo humo. Mtazame kipofu na fimbo yake: akishaizoea, haisikii tena kiganjani, anaisikia njia kwenye ncha ya fimbo. Kwa mfano huo tu, mimi ningeanza na Merleau-Ponty. Husserl ni mkavu mno (si ajabu, udaktari wake ulikuwa wa hisabati), lakini istilahi nyingi ni zake, kwa hiyo utamrudia tu.